Kerneli inapoanguka: kutafuta kosa kwa jozi za mlinganuo finyu

Kompyuta ya chumba chetu cha isimu ilianguka mara 9 katika siku 18. Haikudondoka mezani. Ilikuwa ikisimama ghafla katikati ya kazi: kishale kinaganda, kibodi haijibu, na skrini inajaa mistari ya maandishi ambayo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuisoma. Kila mmoja wetu alifanya lile lile. Alibonyeza batani ya umeme, akaiwasha upya, akaendelea na kazi.

Mara ya 6 tulipoteza kitu. Nilikuwa nimefungua faili lenye unukuzi wa saa moja ya mazungumzo ya Kisanga, pamoja na maelezo ya maneno ya zamani ya kilimo ambayo mzee mmoja alikuwa amenifafanulia, mimi nikiandika pembeni yake. Kompyuta ilipowaka tena, faili lilikuwepo kwa jina tu. Ndani lilikuwa tupu, baiti 0. Sauti ilikuwa salama kwenye diski nyingine. Maelezo hayakuwa na nakala.

Nilipewa kazi ya kutafuta chanzo, si kwa sababu ni fundi, bali kwa sababu mimi ndiye niliyelalamika kuliko wote. Katika makala haya naeleza nilivyotafuta. Nataka kuonyesha kwamba mwanafunzi wa isimu tayari anayo zana kuu inayohitajika, nayo ni jozi ya mlinganuo finyu. Nataka pia kuonyesha jinsi zana hiyo ilivyonidanganya nilipoitumia kwa haraka.

Kerneli, prosesa nyingi na daftari la likelemba

Mfumo endeshi, uwe Windows au Linux, una sehemu ya ndani inayoitwa kerneli. Kerneli ndiyo inayogawa kumbukumbu, ndiyo inayoamua programu gani itumie prosesa sasa hivi, na ndiyo inayozungumza na diski, kibodi na mtandao kwa kupitia vipande vya programu vinavyoitwa draiva. Programu ya kawaida kama Praat ikikosea, kerneli huifunga hiyo peke yake na kazi nyingine zinaendelea. Kerneli yenyewe ikikosea, hakuna aliye juu yake wa kuifunga. Linalobaki ni kusimamisha kila kitu kabla data haijaharibika zaidi. Kwenye Windows utaona skrini yenye jina la kosa. Kwenye Linux, ambayo ndiyo tunayotumia, utaona maneno «Kernel panic», yaani kerneli imetaharuki.

Siku hizi kompyuta moja ina wafanyakazi wengi ndani yake. Linux ilianza kukubali prosesa zaidi ya moja katika toleo la 2.0, mwaka 1996. Wakati huo kulikuwa na kufuli moja kubwa: prosesa moja ikiwa ndani ya kerneli, nyingine zilisubiri mlangoni. Baadaye kufuli hilo liligawanywa kidogo kidogo kuwa makufuli mengi madogo, na mabaki yake yaliondolewa mwaka 2011. Kasi iliongezeka. Nafasi za kukosea nazo ziliongezeka.

Kwa nini? Tuchukue daftari la likelemba lenye watunzaji wawili. Ndani mmeandikwa faranga 50.000. Mtunzaji wa kwanza anapokea 10.000, anasoma 50.000, anajumlisha kichwani. Kabla hajaandika, wa pili naye anapokea 10.000 kwa mtu mwingine, anasoma 50.000 hiyo hiyo, anajumlisha. Wa kwanza anaandika 60.000. Wa pili anaandika 60.000 juu yake. Michango miwili imelipwa, mmoja umepotea, na hakuna aliyeiba. Kila mmoja amefanya hesabu sahihi. Kosa liko katika mpangilio wa zamu.

Dawa yake ni kufuli. Tukubaliane kwamba kuna kalamu moja tu, na asiyeishika haruhusiwi hata kusoma daftari. Mwandishi wa draiva akisahau kuweka kufuli mahali panapotakiwa, programu yake inaweza kufanya kazi miezi mingi bila tatizo, kwa sababu watunzaji wawili hawafiki mezani katika nukta ile ile kila siku. Akiweka makufuli vibaya, linatokea tatizo la pili: mmoja ameshika kalamu anangoja daftari, mwingine ameshika daftari anangoja kalamu. Wote wawili watangoja hadi kesho. Linux ina mlinzi wa kutazama hali za namna hii. Prosesa ikikwama ndani ya kerneli kwa zaidi ya sekunde 20 hivi bila kuachia zamu, mlinzi huandika onyo lenye maneno «soft lockup» na namba ya prosesa iliyokwama.

Sasa tuongeze Hyper-Threading, mbinu ambayo kampuni ya Intel iliileta sokoni mwaka 2002. Prosesa ya leo ina viini kadhaa, na kila kiini ni mfanyakazi kamili. Kwa Hyper-Threading, kiini kimoja hujionyesha kwa mfumo endeshi kama prosesa mbili, tuziite nyuzi mbili. Ni kama wapishi wawili kwenye mbabula moja. Kila mmoja ana sufuria yake na anajua amefikia wapi, lakini moto ni mmoja. Wakati wa kwanza anachekecha unga wa bukari, wa pili anatumia moto. Kazi inakwenda mbele, ingawa si mara mbili. Mashine yetu ina viini 4, kwa hiyo kerneli inahesabu nyuzi 8, kuanzia 0 hadi 7. Watu 8 wanaweza kugombea daftari moja.

Hukumu yangu ya haraka

Nilikuwa nimesikia kwamba kompyuta inayoanguka ovyo inaweza kutulizwa kwa kuzima nyuzi za ziada. Katika Linux jambo hili ni rahisi. Tangu toleo la 4.19 la mwaka 2018, ukiandika neno «nosmt» katika mstari wa kuwashia kerneli, kila kiini kinabaki na uzi mmoja. Kwenye mashine nyingi unaweza pia kuzima Hyper-Threading katika BIOS. Niliandika neno hilo. Siku 4 zikapita bila anguko hata moja.

Nikatangaza kwa furaha kwamba mwizi amepatikana. Nilieleza hata kwa maneno ya somo letu: «bata» na «pata» zinatofautiana kwa sauti moja, maana inabadilika, basi sauti hiyo ndiyo inayobeba tofauti. Kompyuta yenye nyuzi 8 inaanguka, yenye nyuzi 4 haianguki, basi nyuzi ndizo zenye hatia.

Chef de travaux wetu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi: «Mudogo yangu, wakati ulizimaka ile, kitu gani ingine ilibadilika?»

Nilikuwa sina jibu. Nilikwenda kupima joto la prosesa kwa programu ndogo inayoitwa «sensors». Kwa nyuzi 8 na kazi nzito, joto lilikuwa digrii 91. Kwa nyuzi 4, kazi ile ile, lilikuwa 79. Kwa hiyo nilibadilisha mambo mawili, pengine zaidi, kwa sababu prosesa isiyochoka huvuta pia umeme mdogo. Sikuwa nimelinganisha «bata» na «pata». Nilikuwa nimelinganisha «bata» na «pati», kisha nikasema najua sauti gani iliyobadilisha maana.

Kulikuwa na kasoro ya pili. Kwa wastani kompyuta ilianguka mara moja kila siku 2. Maanguko yakija bila mpangilio kwa wastani huo, uwezekano wa kupata siku 4 za utulivu kwa bahati tu ni karibu 14 kwa 100. Siyo jambo la ajabu. Ukitaka bahati ishuke hadi karibu 5 kwa 100, ngoja angalau mara 3 ya muda wa wastani, yaani siku 6. Mimi nilishangilia mapema.

Koposi ya maanguko

Nilianza upya kama tunavyofanya na lugha tusiyoijua: kwanza kukusanya data, baadaye nadharia. Nilifungua daftari. Kwa kila anguko niliandika saa, kazi iliyokuwa ikiendelea, joto la mwisho lililojulikana, toleo la kerneli, na kama umeme ulikatika. Jambo hili la mwisho ni muhimu kwetu. Umeme ukikatika kompyuta huzimika bila neno lolote, na ukiuhesabu pamoja na maanguko ya kerneli, koposi yako imeharibika.

Maandishi ya skrini yapigwe picha kwa simu, kwa sababu kerneli iliyotaharuki mara nyingi haipati nafasi ya kuyaandika kwenye diski. Yaliyowahi kuandikwa yanasomeka baada ya kuwasha tena, kwa amri «journalctl -k -b -1», inayoonyesha maneno ya kerneli ya safari iliyopita. Kati ya maanguko 9, nilipata maandishi ya 7: picha 5 na kumbukumbu 2 za diski.

Yasomwe vipi? Wengi wanasoma mstari wa mwisho, kwa kuwa ndio wenye neno la kutisha. Mstari wa mwisho ni kilio tu. Sababu hutafutwa juu, katika kosa la kwanza. Hapo nilitafuta mambo manne.

La kwanza ni namba ya prosesa, inayoandikwa baada ya «CPU:». Namba ikiwa ile ile kila mara, kiini hicho kinastahili kushukiwa. Kwangu zilikuwa 5, 1, 6, 2, 5, 0 na 3. Hapakuwa na mmoja wa kulaumiwa.

La pili ni neno «Tainted», yaani kerneli imechanganyika na kitu, likifuatwa na herufi. O maana yake kuna moduli iliyotengenezwa nje ya kerneli. P ni moduli yenye leseni isiyo huria. M ni kwamba prosesa iliwahi kuripoti hitilafu ya vifaa. W ni kwamba onyo lilitangulia. Kwangu kulikuwa na O kila mara, na M haikuonekana hata mara moja.

La tatu ni mistari iliyo chini ya «Call Trace». Hiyo ni orodha ya kazi ambazo kerneli ilikuwa ikiitana wakati wa kosa, ya karibuni ikiwa juu. Maanguko yakitokea kila mara mahali tofauti pasipo uhusiano, shuku RAM, joto au umeme. Yakirudi mahali pale pale, shuku programu. Katika maandishi 6 kati ya 7, jina la moduli ya kifaa chetu cha mtandao wa wifi lilikuwa katika mistari mitatu ya juu. La 7 lilikuwa onyo la «soft lockup», nalo lilitaja moduli hiyo hiyo chini kidogo.

La nne ni kazi iliyokuwa ikiendelea. Mara zote 7 tulikuwa tukipima toni katika mafaili mengi ya sauti kwa wakati mmoja, na wakati huo huo tukinakili mafaili kupitia wifi.

Jozi zilizo finyu kweli

Kungoja siku 2 kwa kila jaribio kungenimalizia mwaka. Kwa hiyo nilitafuta namna ya kulichokoza kosa. Niliendesha kazi 8 za Praat pamoja, huku nikinakili sauti kupitia wifi bila kupumzika. Mashine ilianguka ndani ya saa moja, na ilipoanguka mara tatu kwa mtindo huo nilijua kwamba sasa nina kipimo. Data zote zilikuwa zimekwisha kunakiliwa kwenye diski ya nje. Bila hivyo nisingethubutu.

Usiku wa kwanza niliiacha Memtest86+ ipime RAM hadi asubuhi. Umeme ulikatika mara moja, nikaanza upya usiku uliofuata. Haikupata kosa. Hilo haliitakasi RAM kabisa, lakini linaiondoa mbele ya foleni.

Jozi ya kwanza ilihusu joto. Nyuzi zilibaki 8, wifi ilibaki, kazi ilibaki. Nilisafisha feni, nikaweka upya pasta ya kupitisha joto juu ya prosesa. Joto lilishuka hadi digrii 78, chini hata ya lile la nyuzi 4. Mashine ilianguka baada ya dakika 50. Joto likaachiliwa huru.

Jozi ya pili ilihusu nyuzi. Joto ni lile lile la chini, wifi na kazi ni zile zile, ila nimerudisha «nosmt». Saa 2, saa 5, saa 8, kimya. Kama ningesimama hapo ningerudia hukumu yangu ya kwanza. Baada ya saa 11 ilianguka, na juu ya skrini lilikuwepo jina la moduli ile ile. Kwa hiyo kupunguza nyuzi kulichelewesha kosa bila kuliondoa. Watunzaji 4 wa likelemba wanagongana mara chache kuliko 8, lakini wanagongana.

Jozi ya tatu ilihusu moduli. Nyuzi 8, joto la chini, kazi ile ile ya Praat na kunakili. Nilichobadilisha ni njia ya mtandao: niliondoa moduli ya wifi, nikatumia kebo. Mashine ilifanya kazi usiku kucha, saa 14. Asubuhi nilirudisha moduli, nikaondoa kebo. Dakika 40, ikaanguka. Nikaondoa tena, ikatulia tena. Kwenda na kurudi namna hii ni muhimu. Kosa linalokufuata unaporudisha kitu, na kukuacha unapokiondoa, si bahati. Bado ningeweza kuulizwa kama kebo yenyewe haikubadilisha kitu kingine, na swali hilo ni halali. Lakini jozi hii, pamoja na majina yaliyorudi mara 7 katika koposi, ilitosha kunielekeza pa kufanyia jaribio la mwisho.

Moduli hiyo iliwekwa na mmoja wetu zamani, ilipokuwa kerneli ya mashine haikijui kifaa kile. Ilichukuliwa kutoka kwa mtengenezaji, ikajengwa kwa mkono, na haikuguswa tena. Hapo ndipo ile herufi O ilipotoka. Toleo jipya la kerneli lina draiva yake ya kifaa hicho hicho. Nilisasisha kerneli, nikaifuta moduli ya zamani, nikawasha nyuzi zote 8 na wifi. Nilirudia uchokozi ule kwa saa 24. Hakuna kilichotokea. Leo ni wiki ya 6.

Maelezo yanayolingana na data zote ni haya: moduli ya zamani ilikuwa na mahali pasipo na kufuli. Hyper-Threading haikuwa mwenye kosa, ilizidisha tu nafasi za kugongana. Kama tungebaki na «nosmt», tungepoteza sehemu ya kasi ya mashine na tungebaki na kosa, likisubiri siku ya kazi ndefu zaidi.

Wakati mwingine prosesa yenyewe ina hatia

Isionekane kwamba prosesa haikosei kamwe. Mwaka 2016, Xavier Leroy, mtafiti Mfaransa na mmoja wa waundaji wa lugha ya programu ya OCaml, aliletewa malalamiko ya programu iliyokuwa ikianguka ovyo kwenye mashine za aina moja. Zilikuwa na prosesa za Intel za kizazi cha Skylake. Kosa halikupatikana katika programu. Hyper-Threading ilipozimwa, maanguko yalikoma. Iligundulika pia kwamba kubadilisha namna kompaila ilivyotafsiri programu kulifanya kosa lionekane au lipotee. Mwezi wa 6 mwaka 2017, mradi wa Debian ulitoa onyo kwa watumiaji wake: katika baadhi ya prosesa za Skylake na Kaby Lake, vitanzi vifupi vya maagizo fulani vingeweza kuleta matokeo yasiyotabirika, na hilo lingetokea tu nyuzi zote mbili za kiini zikiwa kazini. Dawa ilikuwa kusasisha mikrokodi, yaani maagizo madogo yaliyo ndani ya prosesa yenyewe.

Kwa juu juu, kisa hicho na chetu vinafanana: zima Hyper-Threading, kompyuta inatulia. Chanzo ni tofauti kabisa. Ndiyo sababu utulivu baada ya kuzima nyuzi ni data moja tu. Haujawa hukumu.

Kwa msomaji ambaye mashine yake inaanguka leo, mpangilio ninaoupendekeza ni huu. Nakili data kwanza. Fungua daftari na upige picha za skrini. Soma kosa la kwanza, ulinganishe maanguko yote kabla ya kugusa kitu. Tafuta namna ya kulichokoza kosa ili lije haraka. Pima RAM na joto. Jaribu «nosmt», kisha «maxcpus=1», inayowasha prosesa moja tu, ukikumbuka kwamba zote mbili hupunguza pia joto na umeme. Ondoa moduli za nje moja moja. Sasisha kerneli na mikrokodi mwishoni. Ukiyafanya yote siku moja, kompyuta inaweza kupona, lakini hutajua ilikuwa inaumwa nini, wala utafanya nini ikirudi kuumwa.

Ile saa moja ya Kisanga nimeinukuu upya kutoka kwenye sauti. Maneno mengi niliyakumbuka au nikayapata kwa wazee wengine. Matatu nimeyaandika kama yanavyosikika, na mahali pa maana nimeweka alama ya kuuliza. Mzee aliyenifafanulia alifariki kabla kompyuta haijapona. Siku hizi, kabla sijaondoka chumbani, mafaili ya siku hiyo yanakwenda kwenye diski ya nje, hata kama mashine haijaonyesha dalili yoyote.